Klabu kumi za Robert Snodgrass

Swali la wiki: "Mchezaji aliyepita klabu kumi, tumwite fundi au mzururaji?"

Mhariri, hesabu ya klabu peke yake haimwambii mtu chochote. Cha kutazama ni sababu ya kila uhamisho. Timu inashuka daraja, kocha aliyemtaka mchezaji anafukuzwa, mkataba unaisha, au kiwango kinaporomoka. Kati ya hizo, ya mwisho tu ndiyo ya kumlaumu mchezaji. Nimchukue winga mmoja wa Uskoti ambaye watazamaji wa Ligi Kuu ya Uingereza wanamkumbuka kwa sura hata kama jina limewatoka: Robert Snodgrass, mzaliwa wa Glasgow, 1987. Alipita Livingston, Stirling Albion kwa mkopo, Leeds United, Norwich City, Hull City, West Ham, Aston Villa kwa mkopo, West Brom, Luton Town na Hearts. Kumi kamili, na juu yake mechi 28 na mabao 7 akiwa na timu ya taifa.

La kwanza kuelewa ni kwamba huyu alikuwa winga asiye na mbio. Mguu wake ni wa kushoto, lakini nafasi yake ilikuwa namba saba, kulia. Winga wa aina hii hana haja ya kufika kwenye kibendera cha kona. Anapokea mpira karibu na chaki, yaani mstari wa pembeni, mwili umefunguka kuelekea ndani, anauonyesha mguu kana kwamba anamwaga krosi palepale. Namba tatu wa upinzani, yaani beki wa kushoto, akirusha mguu kuzuia, mpira unavutwa nusu hatua ndani na njia imepatikana. Uwanja wenye upana wa mita 68 una mita zisizofika 14 kutoka kwenye chaki hadi ukingo wa kumi na nane, yaani eneo la penalti. Humo ndimo Snodgrass alimofanyia kazi miaka yote.

Faida yake iko kwenye mkunjo wa mpira. Krosi ya mguu wa kushoto kutoka kulia inapinda kuelekea goli, si kulikimbia. Kipa hawezi kutoka mapema, maana mshambuliaji anaweza kuugusa. Akisubiri, na asiuguse mtu, mpira unaingia wenyewe nguzo ya mbali. Kona za kulia zilikuwa kazi yake kwa sababu hiyohiyo.

Dawa ya winga huyu nayo inajulikana. Namba tatu mwenye akili anasimama nusu mwili upande wa ndani, anamwachia chaki na kumlazimisha atumie mguu wa kulia. Hapo winga anahitaji namba mbili wake, beki wa kulia, apande kwa nyuma kwa kasi, ili beki achague mmoja wa kumfuata. Namba mbili akibaki nyuma, winga anajikuta na watu wawili, beki na kiungo wa pembeni, na atarudisha mpira nyuma dakika 90 nzima. Watazamaji watasema kaisha, kumbe kocha kabadilisha kazi ya namba mbili. Ndiyo maana kiwango cha winga wa namna hii huyumba kila kocha anapobadilika, kuliko cha beki wa kati au kipa.

Ufundi huo alianza kuunoa Uskoti, na muundo wa ligi zao unachangia. Kuna klabu 42 tu kwenye madaraja manne, 12 juu na 10 kwa kila daraja la chini. Madaraja ya chini hucheza mechi 36, yaani kila timu unakutana nayo mara nne. Beki uliyempiga chenga Agosti anakungoja tena mara tatu kabla msimu haujaisha, na safari ya nne anakujua kama nduguye. Winga mwenye ujanja mmoja hafiki Machi. Livingston walimkopesha Snodgrass kwa Stirling Albion msimu wa 2006/07, daraja la tatu, na timu ikapanda kupitia mechi za mchujo. Mkopo wa umri huo ni mafunzo, sioni kwa nini uingizwe kwenye hesabu ya kuzurura.

Mwaka 2008 alivuka kwenda Leeds, iliyokuwa imeporomoka hadi League One, daraja la tatu la Uingereza. Kocha alikuwa Gary McAllister, Mskoti mwenzake, na hilo si jambo dogo: wachezaji wengi wa madaraja ya chini ya Uskoti huvuka kusini kwa sababu kuna Mskoti upande wa pili anayewafahamu. Huko kuna timu 24, mechi 46, na kila mpinzani unakutana naye mara mbili tu. Kwa winga mjanja hiyo ni nafuu, ila miguu inalipa, kwani mechi ni nyingi na mapumziko ni machache. Leeds ya msimu wa 2009/10 iliifunga Manchester United 1-0 pale Old Trafford kwenye Kombe la FA, Januari 2010, na Mei ikapanda daraja. Januari iliyofuata Snodgrass alifunga penalti nyumbani kwa Arsenal, na Leeds ingeshinda kama Cesc Fàbregas asingesawazisha kwa penalti mwishoni kabisa.

Aliondoka Leeds kwa nini basi? Klabu ilikuwa inauza. Januari 2012 nahodha Jonny Howson alikwenda Norwich, kitambaa akavishwa Snodgrass, na majira ya joto naye akafuata njia ileile. Ukiwa Championship, daraja la pili, timu yako inauza viongozi wake na timu ya Ligi Kuu inakuita, kukataa ndiko kungehitaji maelezo. Norwich alifunga mabao 6 ya ligi msimu wa kwanza na 6 msimu wa pili, likiwamo lile la pekee dhidi ya Tottenham Februari 2014. Miezi mitatu baadaye Norwich ikashuka. Klabu ikishuka mapato ya televisheni yanakatika, na mikataba mingi ina kipengele cha kupunguza mshahara kwa sababu hiyo. Mchezaji mwenye soko huuzwa wa kwanza.

Hull, 2014. Mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa QPR mwezi Agosti, alianguka vibaya na pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ikahama mahali pake. Hakurudi uwanjani kwa takriban miezi 16. Jeraha hili ni baya hasa kwa winga, kwa sababu linashambulia kile anachokitegemea. Pia ya goti inakaa kwenye mfereji wake kwa msaada wa kano za upande wa ndani na msuli wa paja wa mbele. Kano zikichanika na msuli ukanywea kwa kukaa bila kazi, goti halitulii pale mchezaji anapokita mguu na kugeuka ghafla, na chenga nzima imejengwa juu ya kukita na kugeuka. Kukimbia mbele kunarudi mapema, kukata kona kunachelewa. Winga wa mbio angeweza kurudi nusu ya alivyokuwa. Snodgrass alikuwa na mguu wa kushoto na mipira iliyokufa, yaani kona na frikiki, na mpira uliokufa haudai mbio.

Alirudi mwishoni mwa 2015, Hull ikiwa tayari imeshuka, akacheza sehemu iliyobaki ya msimu na timu ikapanda kwa kuifunga Sheffield Wednesday 1-0 Wembley. Halafu kikaja kipindi chake bora kuliko vyote, kwa maoni yangu: Agosti 2016 hadi Januari 2017. Hull ilianza msimu bila kocha wa kudumu, ikiwa na wachezaji wa kikosi cha kwanza wanaohesabika kwa vidole, ikawafunga mabingwa Leicester 2-1, bao la ushindi la Snodgrass. Septemba alifunga matatu Uskoti ilipoichapa Malta 5-1 ugenini. Siku chache baadaye, kwa Burnley, dakika ya tano ya nyongeza, akaisawazishia Hull kwa frikiki.

Frikiki ya hivyo ina hesabu yake. Ukuta unasimama mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Watu warefu wakiruka, vichwa vinafika karibu na mita 2.4, na mtambaa wa panya uko mita 2.44. Ukipiga kutoka mita 20, mpira unapaswa kuvuka ukuta kisha ushuke ndani ya mita 11 zilizobaki. Nguvu tupu inaupeleka jukwaani. Kinachoushusha ni mzunguko: mguu unausugua mpira kwa upande wa ndani, chini kidogo ya katikati, na unaendelea kupanda baada ya kugusa. Kosa la kawaida ni kulaza mwili nyuma mno, mpira unainuka na haushuki tena.

Kwa nusu msimu huo West Ham walilipa pauni milioni 10.2, Januari 2017, siku zilezile Dimitri Payet alipokuwa akirudi Marseille. Huu ndio uhamisho pekee ninaouita kosa, na si la mchezaji. Snodgrass alisimulia baadaye kwamba kocha Slaven Bilić alimuuliza anapendelea kulia au kushoto. Kocha anayeuliza hivyo baada ya pesa kulipwa hakumtazama mtu anayemnunua. Mechi 15 za ligi, bao hakuna. David Sullivan, mmoja wa wenye timu, akasema hadharani kwamba watoto wake walimsihi asimsajili. Mchezaji akishasikia hilo, kubaki ni kujitesa.

Dawa ilikuwa Steve Bruce, kocha aliyemsajili Hull, sasa akiwa Aston Villa. Alimchukua kwa mkopo 2017/18, akamrudisha kulia, na Villa ikafika fainali ya mchujo, ikafungwa na Fulham 1-0. Mguu uleule, mtu yuleyule, tofauti ni kwamba kocha alijua anakokaa. Aliporudi West Ham, kocha Manuel Pellegrini alimtumia mara nyingi, mara nyingine katikati, na mtu aliyedhaniwa kuzikwa akacheza Ligi Kuu hadi 2020.

Uhamisho wa West Brom, Januari 2021, una somo la kanuni. Siku chache baada ya kusajiliwa, West Brom walicheza na West Ham, na Snodgrass hakuwamo. Kocha Sam Allardyce akasema kulikuwa na makubaliano kati ya klabu hizo. Mchezaji wa mkopo ndani ya Ligi Kuu hachezi dhidi ya klabu mama, hilo ni halali. Aliyeuzwa moja kwa moja hawezi kuzuiwa, kwani klabu ya zamani haina ruhusa ya kuingilia upangaji wa timu ya mwingine. Ligi Kuu ililazimika kulichunguza suala hilo.

Luton na Hearts ni hadithi fupi. Msimu wa 2021/22 alichezea West Brom kisha Luton, na hapo kikomo kilikuwa kimefika: kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu tatu kwa msimu mmoja, lakini acheze mechi rasmi za mbili tu. Hearts walimchukua Septemba 2022 akiwa mchezaji huru. Miaka 35, wakamweka kiungo cha kati, mahali ambapo jicho linatangulia miguu.

Kwa hiyo tukipanga: mikopo miwili, kupanda ngazi mara tatu (Leeds, Norwich, na West Ham kwa bei yake), kushuka kwa klabu mara moja (kwenda Hull), kukosa nafasi mara moja (kwenda West Brom), na mikataba ya uzeeni miwili. Klabu ya kumi, au ya kwanza ukipenda, ni Livingston, ndiyo iliyomlea.

Hapo kuna jambo ambalo swali lako, Mhariri, halikuligusa: klabu iliyomlea mchezaji hupata nini anapohama? Kanuni ya FIFA ya fungu la mshikamano inatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea mchezaji toka miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 ni robo ya asilimia 1, na kila mwaka wa 16 hadi 23 ni nusu ya asilimia 1. Lakini hadi katikati ya 2020 ilihusu uhamisho wa kuvuka kutoka chama kimoja cha soka hadi kingine. Hull na West Ham wote ni wa chama cha Uingereza, basi kwa kanuni hiyo Livingston hawakudai senti katika zile milioni 10.2. Uskoti ina chama chake, kwa hiyo Mkenya Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton 2013, ada ikitajwa kuwa pauni milioni 12.5, kanuni iliwaka: kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 aliolelewa Nairobi ulikuwa na thamani ya pauni 31,250. Alipohamia Tottenham 2016, klabu zote mbili zikiwa za Uingereza, ikazimika. Leo uhamisho wa ndani nao unahesabika, mradi klabu iliyomlea mchezaji iko chini ya chama kingine.

Pesa hizo sasa hupitia mfumo wa malipo wa FIFA ulioanza Novemba 2022, na mfumo unasoma kumbukumbu za usajili za chama cha taifa. Akademia ya Kisumu au ya Mwanza inayomlea mtoto wa miaka 13 bila kumsajili kwenye mfumo wa chama, tarehe ya kuanza na ya kumaliza zikiwamo, haitaonekana popote hata kijana auzwe mara kumi.