Unatafuta chumba kwenye mtaa wa maghorofa? Tazama kwanza jengo la ng'ambo

Watu wakienda kukagua nyumba ya kupanga huuliza maji, umeme na usalama. Kelele wanaipima kwa macho tu: chumba kiko ghorofa ya sita, dirisha halitazami barabara kuu, basi, mkataba unasainiwa. Mimi nimepanga miaka mingi kwenye mitaa iliyobanwa na majengo pande zote mbili, na siku hizi kabla ya kuingia chumbani natazama kwanza ukuta ulio mbele yake.

Mahali pa wazi, mlio wa honi hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa sababu unasambaa kila upande. Mtaani katikati ya kuta hauna pa kusambaa. Zege, vigae na vioo havinyonyi sauti, vinairudisha karibu yote. Inagonga huku, inarudi kule, na kinachofika dirishani kwako ni ule mlio wenyewe pamoja na marudio yake.

Kipimo changu ni kofi. Nenda saa ambayo magari yametulia, simama karibu na ukuta wa jengo unalolitaka, upige kofi moja kali kwa viganja vyako viwili. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kama ukuta wa pili uko mita 17, mwangwi unakurudia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kuta zikiwa bapa na zinatazamana sawasawa, utasikia ta-ta-ta-ta inayofifia polepole. Zikiwa na roshani, nguzo na madirisha yaliyoingia ndani, mlio unatawanyika na kufa upesi. Ukiisikia ile ta-ta-ta, ujue kila pikipiki ya usiku wa manane utaipata kwa mtindo huohuo.

Kupanda juu hakusaidii kwa kiasi ambacho madalali wanadai. Chini unasikia zaidi kipande cha barabara kilicho mbele yako. Ukishavuka mapaa ya jirani, unaanza kupokea na barabara za mitaa mingine.

Halafu kuna besi. Wimbi la sauti nzito ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 3, kwa hiyo linapinda kona bila shida. La sauti nyembamba ya hezi 4000 halifiki hata sentimita 9, na kona inalikata. Niliwahi kukaa nyuma ya kona ya ukumbi wa sherehe: ngoma niliipata yote, ila wimbo gani unapigwa sikuwahi kujua. Chumba cha uchochoroni kitakupunguzia honi na makelele ya watu, lakini spika kubwa zitakufuata hukohuko. Pazia zito nalo kwa besi ni bure.

Kama tayari umehamia, anza na nyufa za dirisha. Mwanya mwembamba kama kadi unaweza kupitisha kelele nyingi kuliko kioo kizima kilichofungwa vizuri, na mpira wa kuziba pembeni si ghali. Mstari mmoja wa miti mbele ya nyumba unapendeza, ila usitegemee uzuie magari.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua chumba cha kulala upande wa nyuma, jengo lenyewe likukinge. Tofauti ni kubwa: agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu kelele, la mwaka 2002, linauita upande wa jengo mtulivu pale unapozidiwa kwa zaidi ya desibeli 20 na upande wenye kelele nyingi kuliko zote. Tatizo ni kwamba ua wa ndani nao umezungukwa na kuta, na kitakachonguruma humo kitarudiwa na kuta zote nne. Kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba jenereta na pampu ya maji vinakaa wapi.