Simfoni ya 5 ya Karajan: namba ipi ya kuiamini

Mkuu, umeuliza kwa nini Simfoni ya 5 ya Beethoven ya kondakta Herbert von Karajan na orkestra ya Berliner Philharmoniker inatokea mara nyingi kwenye programu yako ya muziki, kila moja na jalada lake, na kama ISRC (namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi) inaweza kukuambia ipi ni ipi. Inaweza, lakini kwa upande mmoja tu.

Niliwahi kununua CD mbili za simfoni hiyo nikiamini ni rekodi mbili. Msimbopau tofauti, namba ya katalogi tofauti, picha tofauti. Nilizisikiliza wiki kadhaa nikitafuta tofauti, hadi siku nilipolinganisha urefu wa sehemu zote nne. Sawasawa, hadi sekunde. Iliniuma sana, maana pesa yenyewe ilikuwa ya kudunduliza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msimbopau na namba ya katalogi ni za bidhaa iliyoko dukani. Lebo, yaani kampuni ya rekodi, ikiitoa upya rekodi ile ile, inaipa nyingine. Na "Op. 67", namba ya simfoni hii kati ya kazi za Beethoven, inakutajia utunzi tu, awe ameupiga nani.

ISRC ndiyo inayoshika rekodi yenyewe. Ina herufi na tarakimu 12, na kila sehemu ya simfoni ina yake, kwa hiyo Simfoni ya 5 huwa na nne. Zikifanana kwenye albamu mbili, usinunue ya pili. Zikitofautiana, usikimbilie kusema ni rekodi mbili, kwa sababu mkanda wa zamani uliosafishwa upya unaweza kupewa ISRC mpya. Tarakimu mbili za mwaka zilizo ndani yake nazo si lazima ziwe mwaka ambao orkestra ilikaa kupiga.

Kwa Karajan hili ni muhimu mno. Simfoni zote tisa alizirekodi na orkestra hiyo hiyo, kwa lebo hiyo hiyo ya Deutsche Grammophon, mara tatu: 1961–62, kisha kati ya 1975 na 1977, halafu tena miaka ya 1980. Bado sijataja zile za miaka ya 1950 na orkestra ya Philharmonia ya London. Jina la kondakta na la orkestra hayakusaidii hapo.

Mimi naanza na kijitabu cha ndani: tarehe na mahali pa kurekodi. Za 1961–62 zilirekodiwa Jesus-Christus-Kirche, Berlin, na ukishalizoea kanisa lile utausikia mwangwi wake. Pasipo kijitabu, tazama mwaka ulio kando ya ℗ (alama ya haki za rekodi), halafu zile herufi tatu za CD za zamani: ADD ni mkanda wa analogi, DDD imerekodiwa kidijitali, yaani ile ya miaka ya 1980. ISRC ninaitumia mwishoni, kuthibitisha.

Weka hapa urefu wa sehemu zote nne kwa kila albamu uliyoiona, pamoja na miaka ya ℗, nilinganishe na nilizonazo.