Kuandika historia ya klabu ya mkoani: mafunzo kwa anayeanza, kwa mfano wa Cienciano ya Cusco

Anayeanza kuandika historia ya klabu ya mkoani huko Amerika Kusini huwa anaanzia kwenye kombe. Inaeleweka, maana kombe ndilo lililomfanya aijue klabu. Kwa Cienciano ya mji wa Cusco, Peru, kombe hilo ni Copa Sudamericana ya 2003, mashindano ya klabu za Amerika Kusini. Ukianzia hapo utapata kurasa kumi tamu juu ya miezi michache, halafu miaka mia moja iliyotangulia inabaki mifupa mitupu. Anzia upande wa pili. Jua kwanza klabu ilicheza ligi gani kila mwaka na kanuni za ligi hiyo zilikuwaje, kisha kusanya mechi, na masimulizi yaje mwisho.

Tuseme umesoma kwamba Cienciano ilianzishwa 1901 na huioni kwenye msimamo wowote wa ligi ya taifa kwa miongo sita. Mgeni ataandika "haikufuzu". Hapo ameshapotosha, kwa sababu mlango wenyewe haukuwepo. Soka la kulipwa Peru lilianza 1951, lakini ligi iliyoitwa ya taifa ilikuwa ya klabu za Lima na bandari yake, Callao. Timu za mikoani zilifunguliwa mlango 1966, na mwaka uliofuata, 1967, ikaanza Copa Perú, mashindano yanayowapa wachezaji wa ridhaa wa nchi nzima njia ya kupanda hadi daraja la juu. Kwa hiyo mechi za Cienciano za kabla ya hapo zitafute kwenye ligi ya mji wa Cusco. Huko ndiko klabu iliishi muda mrefu zaidi wa maisha yake.

Copa Perú ina hatua nyingi, na tafsiri yake huwavuruga wengi. Kwa miaka mingi timu zilianzia distrito, zikapanda kwenda provincia, kisha departamento, halafu kanda, ndipo hatua ya taifa. Chagua maneno matatu ya Kiswahili, kwa mfano kata, wilaya na mkoa, yaandike ukurasa wa kwanza wa daftari na usiyabadili tena. Ukiita provincia "mkoa" leo na "wilaya" kesho, utajikuta umeipa klabu ubingwa ambao haikuupata.

Tarehe ya kuanzishwa ndiyo mtego wa pili. Cienciano inasherehekea tarehe 8 Julai 1901, na waanzilishi walikuwa wanafunzi wa shule ya Colegio Nacional de Ciencias. Jina la klabu limetoka humo: cienciano ni mtu wa Ciencias. Sasa angalia shule yenyewe. Iliundwa kwa amri ya Simón Bolívar tarehe 8 Julai 1825. Siku ileile, mwezi uleule. Inawezekana vijana walichagua sikukuu ya shule yao kuzindua timu, na inawezekana pia kizazi cha baadaye kiliisogeza tarehe ya klabu hadi kwenye sikukuu. Kazi yako si kuamua kwa kubahatisha. Andika "klabu inaadhimisha 8 Julai 1901", eleza uhusiano na shule, kisha tafuta karatasi iliyoandikwa karibu na tukio: muhtasari wa kikao, tangazo la gazeti, mwaliko wa mechi. Klabu nyingi zilizozaliwa mashuleni zina tarehe za aina hii, kwa hiyo linganisha daima kalenda ya klabu na kalenda ya shule au kanisa lililoilea.

Majina nayo yanataka umakini. Cusco ina, mbali na Cienciano, Deportivo Garcilaso iliyoanzishwa 1957, na Real Garcilaso iliyoanzishwa 2009 ambayo siku hizi inaitwa Cusco FC. Hizo ni klabu mbili tofauti kabisa, na uwanja wa mji nao unaitwa Inca Garcilaso de la Vega. Mtu anayekusanya habari kwa kuandika "Garcilaso" kwenye kisanduku cha kutafutia anavuna mchanganyiko wa klabu mbili, uwanja mmoja na mwandishi wa kale aliyebeba jina hilo. Mji wenyewe magazeti ya zamani yanauandika Cuzco, ya sasa Cusco, kwa hiyo kila utafutaji ufanye mara mbili. Wachezaji wana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Gazeti moja litatumia la kwanza tu, jingine litatumia jina la utani. Fungua karatasi ya majina yenye safu tatu: jina kamili, jina la gazetini, jina la utani. Bila karatasi hiyo utahesabu mchezaji mmoja kama wawili.

Sasa jedwali lenyewe. Kila mechi ipewe mstari mmoja, na mstari uwe na tarehe, mashindano, hatua, uwanja, mji, mwinuko wa mji kutoka usawa wa bahari, mpinzani, matokeo, wafungaji na dakika, kadi nyekundu, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili, na herufi moja ya uhakika: A kwa mechi yenye vyanzo viwili visivyonakiliana, B kwa chanzo kimoja, C kwa kumbukumbu ya mtu. Mstari mmoja uliojazwa, ukiacha safu mbili za vyanzo, unasomeka hivi: 19 Desemba 2003, Copa Sudamericana, fainali, marudiano, uwanja wa Monumental wa UNSA, Arequipa, mita kama 2,300, River Plate ya Argentina, 1-0, Carlos Lugo kwa faulo, dakika ya 78, kadi nyekundu mbili kwa Cienciano, A. Andika Arequipa, si Cusco. Ndiyo, mechi ya nyumbani ya fainali haikuchezwa nyumbani, na nitarudi hapo.

Kuhusu tarehe, kumbuka gazeti la Jumatatu linaeleza mechi ya Jumapili. Kosa la siku moja ndilo la kawaida kuliko yote katika majedwali ya wanaoanza. Kwa anayefanya kazi hii akiwa Dar es Salaam au Nairobi kuna la ziada: Peru iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo mechi inayoanza saa mbili usiku kule, kwetu ni saa kumi alfajiri ya kesho yake. Shika tarehe ya mahali ilipochezwa mechi, kila mara.

Utakutana pia na matokeo yaliyoamuliwa en mesa, yaani ushindi wa mezani, sawasawa na tunavyosema sisi. Weka safu mbili, moja ya matokeo ya uwanjani na nyingine ya matokeo rasmi. Wafungaji waliofunga kwenye mechi iliyofutwa mezani wasiingie kwenye jumla bila alama. Na misimamo ya zamani usiikague kwa pointi 3, kwa sababu kabla ya katikati ya miaka ya 1990 ushindi ulikuwa na pointi 2. Wengi wamedhani gazeti limekosea kujumlisha kumbe wao ndio waliotumia kanuni ya leo.

Turudi kwenye lile la Arequipa, maana hapo ndipo historia ya Cienciano huharibiwa zaidi. Hadithi inayozunguka inasema waliwashinda wakubwa wa bara kwa sababu ya hewa nyepesi. Cusco iko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli mgeni huishiwa pumzi huko. Lakini fungua jedwali, tenganisha nyumbani na ugenini, uone. Dhidi ya Universidad Católica ya Chile walishinda 4-0 Cusco na kulala 3-1 Santiago. Hapo mwinuko una haki ya kutajwa. Santos, mabingwa wa Brazil wa 2002 wakiwa na Robinho na Diego, Cienciano walitoka nao sare 1-1 kwao pwani, ndipo wakawafunga 2-1 Cusco. Nusu fainali waliishinda Atlético Nacional 2-1 Medellín, kabla ya kumaliza kazi 1-0 nyumbani. Fainali ya kwanza ilichezwa Buenos Aires, mji ulio karibu kabisa na usawa wa bahari, dhidi ya River Plate ya kocha Manuel Pellegrini, ikaisha 3-3. Timu inayotegemea hewa tu haifungi mabao matatu pale.

Na marudiano? Uwanja wa Cusco haukuwa na ukubwa uliotakiwa kwa fainali, ikabidi klabu ihamie Arequipa, zaidi ya mita elfu moja chini ya mji wao. Huko ndiko, wakiwa pungufu, Lugo alipopiga faulo iliyoingia. Jumla ikawa 4-3. Mtu anayeandika tena kwamba "milima ndiyo iliyoshinda" anawanyang'anya jasho lao kocha Freddy Ternero, kipa Óscar Ibáñez, na Germán Carty aliyekuwa na miaka 35 na bado akaibuka mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 6. Ukihitaji ushahidi mwingine, Septemba 2004 waliifunga Boca Juniors kwa penalti 4-2 baada ya sare ya 1-1 katika Recopa Sudamericana, mechi ya bingwa wa Copa Sudamericana na bingwa wa Copa Libertadores, na mechi hiyo ilichezwa Fort Lauderdale, Marekani, pwani ya Florida.

Hapa kuna tahadhari mbili. Uwanja wa Cusco ulipanuliwa kwa ajili ya Copa América ya 2004, mashindano ya timu za taifa, na mechi ya mshindi wa tatu kati ya Uruguay na Colombia ilichezwa hapo. Kwa hiyo usichukue idadi ya viti vya baada ya upanuzi ukaiweka kwenye mechi ya 2003. Kila namba ya uwanja iandikwe na mwaka wake. Ya pili: zuio la FIFA dhidi ya mechi za kimataifa kwenye miinuko mikubwa lilikuja Mei 2007 kwa mpaka wa mita 2,500, mwezi uliofuata likapandishwa hadi 3,000, na Mei 2008 likasitishwa. Wengine huliunganisha na ushindi wa 2003 kana kwamba ni tukio moja. Kati yao kuna zaidi ya miaka mitatu.

Kuhesabu mataji kunataka ugumu wa moyo, hasa ukiipenda klabu. Msimu wa Peru umekuwa ukigawanywa nusu mbili, Apertura na Clausura, na bingwa wa taifa hupatikana baada ya washindi wa nusu hizo kukutana. Cienciano ilichukua Clausura 2001, Apertura 2005 na Clausura 2006. Taji la taifa haijawahi kulichukua: 2001 na 2006 lilikwenda Alianza Lima, 2005 Sporting Cristal. Orodha ya mashabiki inaweza kuandika "mara tatu bingwa". Wewe andika nusu kama nusu. Haiipunguzii klabu chochote. Klabu iliyoleta Peru kombe lake la kwanza la bara bila kuwahi kuwa bingwa wa nchi yake ni jambo la ajabu zaidi kuliko orodha iliyojazwa hewa.

Kwa miaka isiyo na magazeti utahitaji wazee. Usiwaulize "ilikuwa mwaka gani?", kwa sababu watakupa mwaka ili wakuridhishe. Uliza walifikaje uwanjani, jezi ilikuwa na kola au la, nani alikuwa golini, walikaa upande gani. Halafu funga majibu kwenye tukio linalojulikana: kabla au baada ya tetemeko lililoubomoa mji Jumapili ya tarehe 21 Mei 1950? Kabla au baada ya jeshi la Jenerali Velasco kushika nchi, Oktoba 1968? Vigingi viwili vitatu vya namna hiyo hupunguza kosa la miaka kumi hadi mwaka mmoja au miwili. Ukimaliza, weka herufi C na uendelee kutafuta karatasi. Wazee wawili waliokaa kijiwe kimoja miaka thelathini ni chanzo kimoja, maana wameshasahihishana muda mrefu.

Mwisho wa jedwali usiishie kwenye sherehe. Cienciano ilishuka daraja 2015, ikacheza daraja la pili kuanzia 2016, ikawa bingwa wa daraja hilo 2019 na kurudi juu 2020. Misimu hiyo minne huwa inapewa sentensi moja, na ndiyo rahisi kuliko yote kuipoteza: mechi hazikuonyeshwa sana kwenye televisheni, kurasa za mtandaoni zinafutwa, akaunti za mashabiki zinafungwa. Ukianza leo, anza na hiyo. Pakua ripoti ya kila mechi, ihifadhi mahali pawili, ipe faili jina kwa mtindo wa mwaka-mwezi-siku-mpinzani ili zijipange zenyewe, na ujaze mstari wake siku hiyohiyo. Mechi ya 1935 imeshakaa kwenye gazeti lililojalidiwa na itakusubiri mwezi mwingine. Ya 2017 inaweza isikusubiri.