Plani ikigoma, usikimbilie kujaza namba

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya plani viwandani (kupanga nini kitengenezwe lini na malighafi gani iagizwe), sistimu ya kupangia ikiandika data haipo msidhani ni ugonjwa wa kompyuta. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa Tanga nilidhani hivyo, ikanitoa jasho.

Tulikuwa tunapika sabuni ya mche. Asubuhi moja naendesha plani, inaleta mstari mwekundu, kostiki soda haina lidi taimu, yaani muda wa toka unaagiza mpaka mzigo unaingia stoo. Mimi kwa ujanja wangu nkaweka 1, wekundu ukaondoka, nkaenda zangu kunywa chai. Kumbe sistimu imeisoma ile 1 kama siku moja, kwa hiyo ikaona haraka ya nini, ikanyamaza wiki na wiki, alafu siku inaniambia agiza leo tunapika kesho, na kostiki yenyewe inakuja na meli! Mzee wa stoo akaniita mbele ya watu, "Mwanangu, hii siku moja ni ya boti ya Pemba au?" Sikuwa na jibu.

Toka hapo nikipishana na sehemu iliyo wazi naiacha wazi mpaka nipate namba ya kweli. Iliyo wazi inapiga kelele kila asubuhi, namba ya uongo inakaa kimya mpaka siku mashine zimesimama. Na wazi sio sifuri jamani, ukiweka 0 kwenye salio la stoo umesema umehesabu na hamna kitu.

Jingine, sistimu inakuonesha ilipokwama, sio data ilipopotea. Iliwahi kuniambia sabuni haina chanzo stoo ya Dar, nkahangaika na bomu masaa mawili (bomu ndo orodha ya malighafi zinazoingia kwenye bidhaa, usicheke ndo jina lake) kumbe bidhaa ilifunguliwa, yaani ilisajiliwa kwenye sistimu, stoo ya Tanga tu, Dar hakuna aliyeifungua. Kwa hiyo anzia juu, bidhaa ipo, imefunguliwa stoo hiyo hiyo unayoipangia, bomu lake tarehe haijaisha, malighafi ina sapulaya, ndo ushuke kwenye oda. Ukikuta mistari mekundu 200 usiogope, tafuta jina linalojirudia, mara nyingi pengo ni moja tu limezaa hao wote.

Sasa Eksel, hii ndo inanikera kuliko zote. Namba ya bidhaa 00417 ukiifungua ovyo inageuka 417, sistimu inasema haijulikani na wewe unaiona kwa macho yako, ifanye safu iwe maandishi kabla hujaingiza kitu. Na kuna nafasi inayojificha mwishoni, mimi nilikuwa na KST-25 mbili zinafanana kama mapacha, nkapiga LEN (fomula ya Eksel ya kuhesabu herufi, hata nafasi inaihesabu), moja ikatoa 6 nyingine 7, hiyo saba ndo mchawi. Tarehe nazo, 03/04 kwako ni tarehe tatu mwezi wa nne, kompyuta iliyosetiwa Kimarekani inasoma mwezi wa tatu.

Kalenda ya kiwanda, ile ya siku za kazi iliyomo kwenye sistimu, wengi wanaisahau, inaishia 31/12 alafu Januari plani inatoka tupu watu wanaanza kulaumiana.

Na kuna data ipo lakini imezeeka, hiyo sistimu haikuoneshi nyekundu hata siku moja. Kuna lidi taimu ziliandikwa enzi meli zinatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwa matishari ndo uje nchi kavu. Bandari yetu imeshachimbwa, meli zinafunga gatini, lakini siku za matishari bado zimo kwenye mafaili tunarithishana. Mpigie ajenti wa kliaringi umuulize mizigo mitatu ya mwisho imechukua siku ngapi, weka hizo, na pembeni andika nani kakwambia na lini, maana anayekuja baada yako atakuuliza.