Afisa mikopo mpya, anzia sokoni kabla ya fomu

Ndugu mnaoanza kazi ya kuwahudumia akina mama wafanyabiashara wadogo hapa Arusha, nawasihi, kabla ya kujaza fomu ya mama yeyote, mkakae naye kwenye biashara yake tangu mzigo unaposhushwa hadi anapofunga, kwa kuwa ratiba ya marejesho iliyopangwa ofisini, bila kujua fedha yake inaingia lini, huwasukuma wengi kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba ya kuumiza.

Chukueni muuza nyanya wa Tengeru, ambako siku kubwa za soko ni Jumatano na Jumamosi. Mkimdai rejesho Jumanne, fedha yake imeshageuka matenga ya nyanya, naye atalipa kwa kukata mtaji. Mkimdai Alhamisi, atalipa kutokana na mauzo ya jana yake. Ulizeni pia kama mzigo ananunua taslimu au anapewa kwa mali kauli, yaani anachukua sasa na kulipa akishauza, maana anayedaiwa na mkulima humlipa mkulima kwanza, na ana haki, kwani akimkosa huyo hana cha kupanga mezani. Ada za shule za Januari nazo zihesabiwe mapema.

Riba ielezeni kwa shilingi. Mkopo wa shilingi 300,000 wa miezi 6, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye kiasi cha awali, humgharimu mama riba ya shilingi 180,000. Ikikokotolewa kwenye deni lililobaki, huku akipunguza deni kwa 50,000 kila mwezi, riba ni 105,000. Asilimia ni ileile, lakini 75,000 zimepotea, nami naona ni dhuluma kumwacha atie sahihi kabla hajaonyeshwa hesabu zote mbili.

Mama anayestahili mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 kati ya hizo ni za wanawake, mwambieni wazi, hata kama taasisi yenu itamkosa. Mkopo huo hupitia kikundi kilichosajiliwa, na VICOBA vingi, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vina nidhamu ya kuweka akiba lakini kumbukumbu zao ni hafifu. Kaeni na katibu, mumsaidie kuandika kila hisa, kila mkopo na kila rejesho kwa tarehe, na mwanachama aweke sahihi yake papo hapo, fedha ikiwa bado iko mezani.