Maswali yenu ya magari: Subaru ya mwaka 98, rimu za 17 zitakaa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX ya 1998, ile bodi ya GC8, gia ya mkono, ipo na rimu zake za kiwandani za 16 na tairi 205/50. Kuna jamaa hapa mjini anauza rimu za 17, upana inchi 8, nyuma zimeandikwa ET35, matundu matano na fundi wangu kajaribu moja imeingia vizuri tu. Anazitoa pamoja na tairi zake nne za 225/45 ambazo bado zina kashata (meno ya mpira). Nataka gari ijae kwenye bodi na ishike barabara kwenye kona, gari yenyewe inanibeba kila siku Sakina mpaka Ngaramtoni na mara moja moja Moshi. Shemeji yako anasema niachane nazo, fundi anasema lipa haraka kabla hazijachukuliwa. We unasemaje? Na springi nizishushe au niache? – Mwenye Subaru, Arusha

JIBU: Mdogo wangu, safari hii msikilize shemeji.

Zimeingia kwenye nati, sawa, hilo sina ubishi nalo maana Impreza hiyo ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100, na kama imepita basi duara la matundu ni lilelile. Ila rimu kuingia kwenye nati ni jambo moja na rimu kukaa kwenye gari ni jambo lingine kabisa, na shida yako imeandikwa hapo hapo nyuma ya rimu, ET35. Hiyo ET ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale rimu inapolala kwenye habu, kile kitovu cha gari ambacho rimu inafungwa. Namba ikiwa kubwa rimu inaingia ndani ya gari, ikiwa ndogo inatoka nje. Sasa fungua rimu yako moja ya kiwandani uigeuze usome, zile za 16 kwa upana wa 7 huwa ni ET53. 53 toa 35 unabaki na milimita 18, zote zinakwenda nje. Halafu upana umeongezeka inchi nzima, yaani milimita 25 na kidogo, nusu inakwenda ndani nusu nje, kwa hiyo weka 13 nyingine juu yake. Unapata 31. Mdomo wa rimu unatoka nje sentimita tatu kila upande kuliko ulivyo sasa hivi!

Ukiwa umepaki utapenda, si nakwambia ukweli, itajaa kweli kweli. Ila pakia watu watatu siti ya nyuma halafu ulipande tuta moja bila kupunguza vizuri, fenda ya nyuma inashuka juu ya bega la tairi na ule ukingo wa bati uliokunjwa kwa ndani unaanza kuchana mpira, na wengi hawajui mpaka wakute mkwaruzo umezunguka tairi nzima. Mafundi watakwambia tunakunja ukingo kwa nyundo, na kwenye bodi ya umri huo ambayo rangi yake imeshakakamaa, rangi inapasuka, maji yanaingia, kutu inaanza. Hapo bado sijagusa beringi. Za nyuma kwenye GC8 zinajulikana kwa kufa mapema hata na rimu za kiwandani, ule mvumo unaoanza ukifika 60 hivi na kuongezeka na spidi, sasa ukiisogeza tairi nje sentimita tatu uzito wa gari unaivuta beringi kwa mkono mrefu zaidi, na stelingi nayo itaanza kukuvutavuta kwenye makorongo.

Tuje kwenye tairi zenyewe. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta wa mpira kwa asilimia ya upana huo. 205/50 ya 16 ukiisimamisha ina kimo cha milimita 611 hivi. 225/45 ya 17 ni 634. Watu wanadhani ukipanda rimu ukuta wa mpira lazima upungue, lakini hapa piga hesabu: asilimia 50 ya 205 ni milimita 102, asilimia 45 ya 225 ni 101, ukuta uko palepale, ndo maana tairi nzima imekuwa kubwa. Ni karibu asilimia 4. Kwa hiyo gia zako zote zimekuwa ndefu kidogo, gari itachelewa kuondoka (na we ulinunua WRX ili iondoke), na dashibodi ikisoma 50 tairi inatembea kama 52. Spidomita nyingi kutoka kiwandani zinazidisha kidogo hivyo inaweza kujifuta yenyewe, ila kwenye vijiji vya njia ya Moshi ambako tochi za trafiki zipo mi nisingetegemea hiyo bahati.

Sasa usije ukakimbilia upande wa pili ukatafuta rimu za upana wa 8 zenye ET53 ukadhani umemaliza. Ingia chini ya gari kwa nyuma uangalie shokapu, utaona ile sahani inayobeba springi, kwenye GC8 ipo chini sana, karibu na juu ya tairi. Rimu pana ikiingia ndani milimita 13 na tairi ikawa ndefu, inakwenda kusugua pale, na pale huoni mpaka siku imepasuka. Ukishafunga rimu yoyote mpya, shusha gari chini kabisa isimame na uzito wake, pitisha kidole kati ya tairi na ile sahani. Kidole kisipopita, zitoe.

Kama roho imekataa kabisa 16, basi tafuta za 17 kwa upana wa 7 au 7 na nusu, ET48 mpaka 53, uvalishe 205/45. Hiyo kimo chake ni 616, karibu sawa na sasa. 215/45 nayo watu wanavaa kwenye gari hizi, ni 625, ila hapo lazima jaribio la kidole. Angalia pia tundu la katikati, habu ya Subaru ni milimita 56.1 na rimu nyingi za dukani zimetobolewa 73.1 ili zikae kwenye kila gari, usipoweka ringi ya kujaza hiyo nafasi gari itatetemeka ukifika 90 au 100 na utalipia balansi mpaka uchoke.

Ila ungeniuliza hela yangu ningeweka wapi, ningebaki na 16 nikanunua tairi nne mpya za maana za 205/50. Kushika kona kunatoka kwenye mpira wenyewe, bushi nzima na alaimenti, upana unakuja nyuma sana. Dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya ya 1997 na Impreza, na magari ya WRC (rali za ubingwa wa dunia) mpaka leo kwenye changarawe yanavaa rimu za 15, za 18 ni za lami tupu. Wewe na makorongo yako ya Ngaramtoni uko karibu na nani? Dukani watakusukumia 205/55 ya 16 kwa sababu ipo kila mahali, kataa, ina kimo cha 632, tumerudi kulekule.

Na hizo tairi za jamaa, kashata haitoshi. Soma ubavuni baada ya neno DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2316 maana yake wiki ya 23 ya 2016, mpira wa hivyo ni mgumu hata kama una kashata kama mpya. Soma zote nne, zisipofanana aina au zimelika tofauti usiziweke kwenye Subaru hata bure, hii inavuta miguu yote minne muda wote na difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inaumia kwa kuhangaika na tairi zenye vimo tofauti, utaisikia gari inajikaza ukikata kona kali pale unapopaki, na kufungua giaboksi kwa ajili ya hiyo difu ni bei ya tairi mpya na chenji haibaki.

Springi acha kama zilivyo.

SWALI: Kaka, mimi nina Toyota Celica ST202 hapa Tanga, kaka yangu ameniachia rimu za Subaru za 16. Naambiwa matundu ni sawa. Nifunge? – Dada wa Celica

JIBU: Matundu ni sawa dada, zote 5x100. Habu yako ni 54.1 na rimu ya Subaru ni 56.1, kwa hiyo inaingia na inabaki nafasi ndogo, weka ringi. Kinyume chake ndo hakiwezekani, rimu ya Celica haiwezi kukaa kwenye Subaru bila kuchongwa. Nati ndo uangalie sana: za Subaru zina uzi wenye nafasi ya milimita 1.25 na stadi zako (zile bolti za habu) ni 1.5, fundi akilazimisha na spana ya upepo anaua uzi. Na zile nati zako za sasa, kama ni zile zenye shingo ndefu na washa, hazikai kwenye tundu la rimu ya Subaru ambalo lina umbo la koni, nunua nati za koni zenye uzi wa 1.5, seti nzima 20. Baada ya kufunga zungusha stelingi mpaka mwisho pande zote uangalie ndani kusiguse kitu, maana hizo rimu zitaingia ndani zaidi ya zako. Kaza kwa tokwenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) 103 Nm, tembea kama kilomita 80 halafu urudie kukaza.