Mamlaka iko wapi katika shairi lisilo na mtawala?

Swali: Mwalimu ametuagiza tuchambue mamlaka katika ushairi wa usasa (modernism), tuanze na The Waste Land la T. S. Eliot (1922). Nimelisoma mara tatu, sijaona dikteta wala askari. Nichambue nini? Na mambo ya miaka mia iliyopita yanatuhusu nini leo?

Jibu: Humwoni kwa sababu unamtafuta mtawala. Mtafute anayeamrisha. Fungua sehemu ya pili, pale mwanamke anaposimulia baani habari za shoga yake Lil: mumewe anarudi kutoka jeshini, na zile pesa alizompa za kuweka meno mapya atataka kujua zimekwenda wapi. Umbea umenoga, mara inapenya sauti kwa herufi kubwa tupu ikiwahimiza watu waharakishe, muda umefika. Inarudi mara tano, na mwishoni inafuatana mara mbili bila kumpa mtu nafasi ya kupumua. Tunajua ni mwenye baa anayefunga, lakini hatajwi wala hapewi sura. Kilichobaki ni amri tu, inayowakata watu kauli.

Hapo ndipo pa kuchimba. Shairi lina mishororo 434 na nafsineni, yaani sauti zinazosema ndani ya shairi, zinapokezana bila taarifa. Hakuna mshairi aliyesimama mbele kutusemea sote. Ila lilipotoka kama kitabu, Eliot aliongeza maelezo yake mwishoni. Kiti cha mwenye kauli ya mwisho alikiacha, kisha akavuta kigoda kando yake! Mimi ningeliandika hilo bila woga.

Kama bado unamtaka dikteta, soma shairi la W. H. Auden la 1939 juu ya kaburi la dhalimu. Ni mishororo sita tu, na dhalimu hana jina. Linaongea kwa upole wa taarifa rasmi ya msiba: akicheka, maseneta wanacheka naye, akilia, watoto wanakufa mitaani. Ule upole ndio unaotisha. Naye mshairi wa Urusi Osip Mandelstam alitunga mishororo 16 ya kumkejeli Stalin, dikteta wa Muungano wa Kisovieti, mwaka 1933, akawa anaighani kwa marafiki tu. Alikamatwa 1934, na mbele ya mpelelezi ndipo akaandikishwa shairi lake mwenyewe. Alifia katika kambi ya wafungwa 1938.

Kuhusu leo, tazama simu yako inapokuandikia: “Muda wako umekwisha. Ingia upya.” Nani amesema? Hakuna saini, hakuna wa kubishana naye. Ni yule mwenye baa.

Kwa hiyo orodhesha vitenzi vya kuamrisha katika sehemu hiyo ya pili, na kando ya kila kimoja andika nani alikuwa akisema kabla hajakatizwa. Fanya hivyo kabla ya kugusa wasifu wa Eliot, maana wasifu ukiuanza utakumalizia kurasa.